Gome, majani au kilichoanguka chini? Uanzie wapi kuitambua miti ya mbao ngumu

Watu wanaotaka kuijua miti ya mbao ngumu huwa wananiuliza vitu viwili tu, nianze na mti gani na nipakue apu gani. Na mi kila mara nawarudishia swali ambalo hawakulitegemea: unaingia porini mwezi gani?

Kwenye miombo yetu, yaani misitu ya kiangazi iliyojaa miti ya myombo, iwe Kilwa, Liwale, Tabora au Katavi, kuanzia mwezi wa saba hivi mpaka wa tisa miti mingi inabaki mitupu, majani yako chini na mengine yameshaungua na moto, sasa wewe uliyekaa mwezi mzima unakariri picha za majani unafika pale unasimama kama abiria aliyeshushwa stendi saa nane usiku, hujui uelekee wapi. Mi yalinikuta. Ndo maana nimeona nizipange hizi njia bega kwa bega, majani, gome, na kile kinachoanguka chini, halafu na walimu wenyewe, yaani simu, mzee wa kijijini na seremala, ili mtu achague kulingana na muda alionao na sababu inayompeleka msituni.

Ila kwanza hili neno "ngumu" linachanganya watu. Wataalamu wa mimea wakisema mbao ngumu wana hesabu yao, kwao karibu kila mti wa majani mapana unaotoa maua uko upande huo, na upande wa pili wanaweka paina, saipresi na ndugu zake. Kwa hesabu hiyo mbuyu na mpingo ni kundi moja, wakati mbuyu huwezi kuuchana hata ubao wa benchi. Hapa mi naongelea ngumu ya sokoni, ile ambayo fundi akiipigia misumari analalamika: mninga, mkongo, mpingo, mpangapanga, mvule, na mtiki naugusa kidogo kwa sababu ni wa kupandwa.

Majani

Nianze na njia ambayo wengi wanaanza nayo, na siyo mbaya, tatizo watu wanaipa kazi isiyoiweza.

Uzuri wa majani ni kwamba vitabu karibu vyote vimepangwa hivyo, apu nazo zinapenda majani na maua, na ukitaka jina la kitaalamu lisilobishaniwa lazima utafika huko tu, hata ukipeleka sampuli kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Arusha au Lushoto wanataka tawi lenye majani, na likiwa na ua au tunda ndo raha zaidi. Na kuna sehemu majani yanamaliza ubishi kwa sekunde mbili. Chukua mninga na mkongo, yote miwili majani yake ni ya vijani vingi kwenye kikonyo kimoja, kwa mbali unaweza ukasema ni ndugu. Sasa angalia ncha. Mninga una vijani kama 11 mpaka 19 na kimoja kinamalizia pale mwisho peke yake. Mkongo vijani vyake vinakwenda wawili wawili, jozi 4 mpaka 6 hivi, na mwisho hakuna wa peke yake, jozi ya mwisho inafunga safari. Ukishajua hilo hulisahau.

Lakini wanaoanza wana kosa moja ambalo karibu kila mtu analifanya, anachuma kijani kimoja akidhani ameshika jani zima, anapiga picha, anashangaa majibu hayaeleweki. Jani linaanzia pale penye chipukizi kwapani. Fuata kikonyo kurudi nyuma mpaka ukute kichipukizi kidogo kimejificha kwenye pembe kati ya kikonyo na tawi, hapo ndo jani linapoanzia, vyote vilivyo mbele ya hapo ni jani moja hata kama ni vipande 19.

Ubaya sasa. Mti mkubwa majani yako juu mita 12, mita 15, na wewe hujabeba ngazi. Yale yaliyoanguka chini yanaweza kuwa ya jirani. Kiangazi hayapo. Halafu kuna miti inayobadili jani kadiri inavyokua, na hapa mvule ndo mwalimu mkali. Mche wa mvule una jani lenye meno meno pembeni na ukiligusa linakwaruza, mvule mkubwa jani lake pembeni limenyooka halina meno na uso wake ni laini. Mtu ukimpa majani yote mawili mkononi atakuapia kwamba ni miti miwili tofauti. Na mvule hautaukuta sana kwenye miombo mikavu, wenyewe unapenda penye unyevu, chini ya Usambara, Kilombero, kuelekea Uganda huko.

Mtiki ndo mti pekee ambao ningekwambia anza na jani na usijisumbue na kingine. Jani lake ni kubwa kama sinia, na ukichukua jani changa ukalisugua viganjani linaacha rangi nyekundu. Ila mtiki utauona shambani, Longuza pale Muheza au Mtibwa, umepangwa mistari kama mahindi, sasa hapo ushindi wako uko wapi.

Gome na kinachotoka ukilichanja

Gome halina likizo. Masika lipo, kiangazi lipo, na liko usawa wa macho yako, huhitaji kurusha fimbo juu.

Mninga gome lake ni la kahawia iliyoiva au kijivu cha giza, limepasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka. Ukilichanja kidogo ukasubiri, unatoka utomvu mwekundu, na siyo wekundu wa kubembeleza, ni damu kabisa, unateremka taratibu halafu unaganda kama kidonda. Mara ya kwanza kuuona nilirudi nyuma hatua moja, nacheka sa hivi lakini siku ile sikucheka. Mkongo hauna hayo mambo, wenyewe gome lake linabanduka magamba magamba ya duara yanaacha mabaka meupe meupe, kama ukuta wa chokaa uliopigwa na mvua. Mpingo una gome la kijivu cheupe, jembamba, na umbo lake lenyewe linakwambia mengi: mfupi, umejipinda, mara nyingi mashina mawili matatu yanatoka pamoja, na vitawi vyake vifupi vinaishia na miiba. Watu wanaoingia na picha ya mpingo mkubwa mnyoofu kichwani wanaupita bila kuusalimia. Mvule ukichanja unatoa maziwa meupe.

Rahisi eeh? Subiri.

Kwanza moto. Miombo inaungua karibu kila mwaka, na mashina yakishapakwa masizi mpaka usawa wa kifua gome la mninga na la myombo wa kawaida yanafanana kama mapacha. Pili, mti mchanga una gome laini, lile gome la kwenye picha ni la mti mzima. Tatu, utomvu mwekundu siyo wa mninga peke yake, kule magharibi kuna mkurungu ambao nao ni wa ukoo huo huo, unatoa wekundu vilevile, kwa hiyo ukiona damu usikimbilie kuandika mninga. Na nne, kuchanja ni kuumiza. Kama uko kwenye msitu wa hifadhi huingii tu na panga, kuna kibali, na msitu wa kijiji una kamati yake ya maliasili, wasalimie kwanza. Ukiruhusiwa, kata upana wa ukucha basi, kwa ncha ya kisu, upande ambao haujawahi kukatwa. Na maziwa ya mti usioujua yasikaribie jicho, waliopatwa na maziwa ya mnyaa wanajua ninachosema.

Kilichoanguka chini

Hii ndo njia yangu, sifichi, na nimeipata kwa aibu.

Ilikuwa upande wa Kilwa, mwezi wa nane, tunahesabu miti kwenye msitu wa kijiji. Mi nimepewa chaki, kazi yangu ni kuweka alama kwenye kila mninga ndani ya kipande chetu, na nilikuwa najiamini, nilishakariri gome. Nikaweka alama mashina tisa. Mzee tuliyekuwa naye, mtu wa kamati, hakusema kitu, alikuwa nyuma yangu anatembea na fimbo yake taratibu. Tulipomaliza akarudi shina la kwanza, akafukua majani makavu kwa mguu, akaokota kitu, akakitupa. Shina la pili, hivyo hivyo. Alipofika la tatu akafukua, akainama, akachukua kipande cha ganda gumu kilichojikunja kama banzi la seremala, akanipa mkononi, akafuta alama yangu kwa kiganja. Hakusema "umekosea". Aliendelea hivyo mpaka mwisho, akafuta nne. Yale mabanzi ni maganda ya myombo, yanapasuka kwenye jua kali kwa kishindo yanarusha mbegu mbali, na vipande vinajikunja vinabaki chini ya mti miezi na miezi. Wakati mninga tunda lake huwezi kulikosea hata gizani.

Hilo tunda nililinganishe na nini? Chapati ndogo, upana kama wa kiganja, pembeni nyembamba kama karatasi imejikunja kunja, halafu katikati kuna uvimbe wenye nywele ngumu kama kipande cha brashi ya viatu. Ukilibana linakuchoma. Na linaning'inia mtini muda mrefu hata majani yakishaisha, kwa hiyo ukitazama juu kwenye mti mtupu unaona vitu vya duara vinacheza na upepo, ndo huyo.

Mkongo nao umejaliwa: ganda nene, gumu, jeusi la kahawia, refu kama kalamu ya wino hivi ila pana, linafunguka vipande viwili na ndani mbegu nyeusi za kung'aa zimevaa kofia nyekundu, zimelala kwenye kitu cheupe kama povu la godoro. Wanazitumia kutengeneza shanga. Mpangapanga una ganda refu lenye manyoya laini ya rangi ya dhahabu, ukilishika ni kama kitambaa cha mahameli, linazidi urefu wa kiganja na kifundo cha mkono. Hivi vitatu ukiviweka mezani mtoto wa darasa la pili atavitenganisha na hatavisahau.

Kwa mpingo njia hii inalegea kidogo. Maganda yake ni madogo, membamba kama karatasi, yana mbegu moja au mbili, upepo unayachukua na moto unayamaliza. Lakini hata hapo yanasaidia, kwa sababu anayechanganya watu na mpingo ni mkulajembe, nao una miiba, nao ni mfupi, nao mgumu hasa, na maganda ya mkulajembe yamejiviringa viringa yameshikana fungu moja kama tambi zilizokaangwa. Ukiona fungu hilo, endelea na safari.

Kasoro yake moja kubwa, tunda linaweza kuwa limeletwa na upepo, maji au nyani. Sheria ya yule mzee ni mambo matatu: ukute mengi siyo moja, ukute na yaliyooza ya mwaka jana, na utazame juu uone kama yapo mengine. Likikosekana moja, unasema bado sijui. Kusema bado sijui ni sehemu ya kazi.

Sasa nani akufundishe

Simu ina faida yake, usiku uko peke yako unapitia picha, unalinganisha, unapata jina la kitaalamu, nyingine hata zina watu wanaokusahihisha. Lakini simu inajibu hata pale isipojua, hicho ndo kinanikera. Niliwahi kuipiga picha gome la mti uliosimama nyuma ya kambi yetu, apu ikanipa jina la mti wa Amerika ya Kusini, kwa uhakika kabisa, asilimia juu ya meza. Ukipiga picha ya gome tupu unaitafutia dhambi. Ipe picha nne za mti huo huo: jani zima pande zote mbili, tunda, gome, na mti wote kwa mbali, hapo inakuwa msaidizi mzuri. Na bando porini utaligawa na nani, mtandao wenyewe uko juu ya kichuguu.

Mzee wa kijijini anakupa vitu ambavyo simu haina: nyuki wanapenda upi, upi ukikatwa unachipua, upi wanatoa mzizi wa dawa, na anautambua mti kwa kuupita tu kama unavyomtambua shangazi yako kwa mgongo. Taabu yake ni majina. Mkongo wa Kilwa ndo mbambakofi wa watu wa pwani ya juu, na Tabora utausikia mkola. Mninga kusini wengine wanauita mtumbati. Kwa hiyo ukichukua jina moja kijiji hiki ukalihamisha mkoa wa tatu unaweza ukabishana na watu siku nzima kumbe mnaongelea mti mmoja, au mbaya zaidi mnataja jina moja na miti ni miwili. Andika jina, lugha ya aliyekwambia, na kijiji, na chini yake chora tunda hata kama mchoro wako ni wa kuchekesha.

Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema: usimuulize mzee "hii ni mninga, eti babu?" Atakwambia eeh, kwa heshima tu, hataki kukuvunja moyo mbele za watu. Muulize "hii mnaiitaje?" halafu nyamaza. Kisha muulize "umejuaje?" hapo ndo shule inapoanza. Na posho yake ya siku mpe kabla hamjaondoka msituni, siyo "nitakutumia kwa simu".

Seremala ni mwalimu wa aina nyingine, watu wanamsahau. Kwake unajifunza mti ukiwa ndani, na hilo lina maana kama shida yako ni kununua mbao usiuziwe kitu kingine. Omba vipande vya kutupa, weka kwenye ndoo ya maji. Mpingo unazama kama jiwe, mita moja ya ujazo wake inapita kilo 1,200 wakati maji ni 1,000. Mninga mkavu unaelea, wenyewe uko kwenye 600 na kitu, ndo maana mafundi wanaupenda, ni mgumu wa kudumu lakini hauvunji mkono. Kata kipande cha mpingo uone sehemu nyeupe ya nje ilivyo nyembamba na kiini cheusi cha zambarau ndani. Ila maarifa haya ukiyapeleka mbele ya mti uliosimama hayakusaidii, kiini hakionekani mpaka uukate, na ukiukata hujautambua, umeshauua. Mpingo unachukua miaka 70 mpaka 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa.

Kwa hiyo uchague nini

Kama wewe ni mnunuzi au fundi na msituni huendi, achana na majani, kaa na seremala wiki mbili na ndoo yako. Ukitaka kuingia kwa undani kuna chuo cha viwanda vya misitu Moshi.

Kama unasomea misitu au unaelekea chuo cha misitu Olmotonyi au chuo kikuu cha kilimo SUA, majani hayakwepeki, lakini anza mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne wakati yapo, na usiende na orodha ya miti 50, nenda na mitano.

Kama uko kwenye kamati ya kijiji, doria, au unasimamia mzigo, hapo jina siyo jambo la mashindano. Mpingo uliingia kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, Januari 2017, na kwenye mkutano wa Panama Novemba 2022 wakaongeza mikongo na mininga ya Afrika, kwa hiyo mbao ikivuka mpaka, jina kwenye karatasi likikosewa mzigo unalala hapo hapo. Kwa watu hawa nasema tunda na gome pamoja, kimoja hakitoshi, na jani kama lipo liwe shahidi wa tatu. Vijiji vya Kilwa vilivyopata cheti cha FSC, cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, mwaka 2009 vinahesabu mti kabla haujakatwa, na hesabu hiyo inafanywa na wanakijiji wenyewe.

Na kama una wikendi moja tu na unataka furaha ya kuujua mti kwa jina, nenda kiangazi, kinyume na kila mtu atakavyokushauri. Msitu uko wazi, unaona mbali, nyoka unamwona kabla hajakuona, na matunda ya mninga yanaonekana juu kama bendera. Tafuta mzee, mtembee saa tatu, okota. Lenga mninga na mkongo tu siku ya kwanza.

Na lile swali la apu, pakua yoyote ile inayokubali kuhifadhi picha bila mtandao, uipe kazi jioni ukirudi. Begi langu mpaka leo lina ganda moja la mkongo na tunda moja la mninga ambalo limeshatoboa mfuko wa pembeni, brashi ile haina adabu.